MJADALA: Kila binti acheze robo mbili, au kocha aachiwe timu yake?

Mdau wa Gungu (mwanzisha mada)
Wapenzi wa netiboli Kigoma Ujiji, salaam. Kikao cha ligi yetu ya wasichana chini ya miaka 15 kimeleta pendekezo: kila binti aliyeandikwa kwenye karatasi ya mechi acheze walau robo mbili kati ya nne, hata fainali. Timu ikikiuka inakatwa pointi. Makocha watatu wamekataa katakata. Mimi naunga mkono kwa moyo wote. Msimu uliopita nilimwona mtoto anatoka Kibirizi kwa miguu, viatu kavibeba mkononi visichafuke, anavaa jezi, anakaa benchi mpaka filimbi ya mwisho, kisha anaivua jezi kavu anamkabidhi mwenzake. Hiyo ni ligi ya watoto kweli? Semeni.

Kocha wa Jioni
Mmoja wa hao watatu ni mimi, na sijifichi. Nafundisha jioni nne kwa wiki, nauli natoa mfukoni. Anayekuja mazoezini kila siku na anayetokea siku ya mechi tu ili apigwe picha, mnataka niwape robo sawa? Halafu tuambiane ukweli, kuna mabinti hata kukimbia hawawezi kwa yale madera wanayojifunga. Nikimpanga winga, mpira unampita anashika nguo. Tufungwe ishirini ili kikao kifurahi?

Ujiji Damu
Kocha, hayo madera umeyaona wapi? Wanangu wawili wanacheza, wanavaa taiti ndefu, sketi juu yake na mtandio kichwani. Dera hakuna. Ulitaka kusema mabinti wa Ujiji ukaona aibu, ukasingizia nguo. Tuombe radhi kwanza, ndipo tuzungumze habari za robo.

Kijana wa Mwanga
Ujiji mnapenda kuonewa jamani. Kocha hajataja mtaa hata mmoja.

Ujiji Damu
Asiyetajwa ndiye anayesemwa. Nawe mdogo wangu, mwaka gani umekanyaga uwanja wa netiboli?

Abuu T
Hili la mtandio lilishamalizwa duniani. FIFA waliruhusu 2012, sisi bado tunabishana.

Refa Mstaafu
Abuu, 2012 yalikuwa majaribio. Ruhusa kamili ya mpira wa miguu ilipita Machi 2014, na kikapu wakafuata 2017. Lakini hebu niseme ninachokiona mimi kabla ya mechi. Netiboli hairuhusu vito wala kucha ndefu, ndiyo maana mabinti nawapanga mstari, wananyoosha vidole, napita na kikata kucha mfukoni. Mtandio haujawahi kunisumbua. Pini ndiyo inayonisumbua. Nimeshuhudia pini ya kidevuni ikimchana mpinzani chini kidogo ya jicho walipogombea mpira wa juu. Utumike mtandio wa kuvutika, unaovaliwa kichwani moja kwa moja bila kufungwa na chochote. Kanuni iandikwe hivyo, mstari mmoja tu.

Bint Katubuka
Refa ahsante. Nami naomba niwarudishe kwenye robo, maana watu wanasema haiwezekani na hesabu hawajapiga. Uwanjani ni saba. Robo nne, nafasi 28. Timu ikiwa na watu kumi na wawili na kila mmoja akacheza mbili, zimekwenda 24. Kocha anabakiwa na nafasi nne za kuwaongezea vinara wake. GS wake, yaani mfungaji, anaweza kucheza mechi nzima, na C wake, mchezaji wa kati, pia, na bado hakuna aliyenyimwa. Kinachoshindikana hapo ni nini?

Kijana wa Mwanga
Dada, hesabu ni za darasani. Kwani taiti zinavaliwa chini ya sketi kwa kanuni ipi? Sare ni sare. Mmoja na taiti, mwingine bila, hiyo timu au gulio?

Ujiji Damu
Unaona sasa! Tulikuwa kwenye mtandio, tumehamia kwenye taiti. Kesho mtauliza soksi.

Msafiri wa Reli
Wenzetu Marekani wana softiboli ya wasichana chini ya Little League, shirika la michezo ya watoto, tangu 1974. Ni ule mchezo wa gongo, mpira unarushwa mkono ukitokea chini. Nao walilikuta tatizo hilihili la benchi. Kanuni waliyoweka ni kwamba kila mtoto azuie uwanjani mpaka wapinzani sita watolewe (auti sita) na apige walau mara moja. Kocha huko haulizwi kama anapenda.

Kocha wa Jioni
Ndugu Msafiri, hao watoto wanaletwa kwa magari ya wazazi. Mimi wangu nusu hawaonekani Jumatatu mpaka Alhamisi. Siku ya mechi wanajaa.

Mama wa Kibirizi
Nimesoma kimya, lakini neno la picha limenikera, na sasa umelirudia kwa njia nyingine. Binti yangu haji mazoezini kwa sababu giza likiwa nene wavuvi wanaingia ziwani na karabai, alfajiri dagaa wanatua, tunawaanika, wakilowa mvua ni hasara, na jioni tunawakusanya. Yeye ndiye mkono wangu wa pili. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inakaa, na siku hizo amewahi kukosa mazoezi lini? Chukua daftari lako la mahudhurio ulitazame pamoja na mwezi. Mtoto anakuja mechi akiwa ameshinda juani, nawe unasema kafuata picha.

Kocha wa Jioni
Mama, shikamoo. Hilo la mbalamwezi hakuna aliyewahi kuniambia. Lakini mimi siwezi kupanga timu kwa kalenda ya dagaa. Yule GA wangu, mshambuliaji, hajakosa hata siku moja, nimweleze nini nikimtoa robo ya tatu tunaongoza kwa bao moja?

Bint Katubuka
Humtoi kocha! Nimekuonyesha una nafasi nne za ziada. Soma juu.

Ujiji Damu
Na radhi yetu ya madera bado.

Mdau wa Gungu
Jamani, kanuni haijataja mahudhurio popote. Mtoto akiandikwa kwenye karatasi ya mechi, acheze. Asiyefika mazoezini kocha asimwandike, na mzazi aambiwe mapema, asitembee njia nzima bure. Kuhusu fainali sirudi nyuma. Mtoto aliyetufikisha huko hawezi kugeuzwa mtazamaji.

Mama wa Kibirizi
Hapo umefungua mlango mwingine. Asipoandikwa ndiyo hachezi milele. Wekeni kwamba walau mechi moja kati ya mbili aandikwe.

Kocha wa Jioni
Hiyo nitaipinga kikaoni Jumamosi, mbele yenu.

Refa Mstaafu
Pingeni mnavyotaka, ila pini zibaki nyumbani. Kikata kucha ninacho.