Tupeane uzoefu: Tumbo baada ya kupungua uzito mkubwa, ni ngozi, ni mafuta au ni misuli?

Mwanzisha mada, Majengo, Moshi

Ndugu zangu wa Moshi, Arusha na kwingineko, salaam. Nina umri wa miaka 38, na kwa muda wa miezi 20 nimepungua kutoka kilo 118 hadi kilo 76. Sikutumia dawa wala zile chai za kuharisha. Nilipunguza ugali na vyakula vya kukaangwa, nikaacha soda kabisa, na kila alfajiri nilitembea kwenye barabara ya kuelekea Rau hadi jasho linitoke. Presha imeshuka na magoti hayaniumi tena, jambo ambalo ninamshukuru Mungu kila siku. Tumbo, hata hivyo, halijafuata mwili mwingine. Nikisimama linaonekana dogo, lakini nikiinama kufua linaning'inia kama gunia lililopunguzwa mahindi.

Nimeshauriwa mafuta ya kupaka, tangawizi na ndimu, sitapu (kulala chali na kuinuka hadi kuketi) 100 kila siku, na mkanda wa kutoa jasho. Mkanda huo niliuvaa miezi miwili, na ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba ulipunguza maji tu, kwa sababu uzito ule ulirudi kila nilipokunywa maji ya kutosha.

Ninawaomba wale waliopungua kilo 20 na kuendelea watueleze kilichofuata baada ya kupungua: tumbo lilikuwaje, mlifanya nini, na ilichukua muda gani. Habari za namna ya kupunguza uzito wenyewe tumeshazisikia nyingi, hivyo tubaki kwenye tumbo.

Kaka wa Sakina, Arusha

Dada, pole na hongera. Mimi ni dereva wa watalii, kazi ya kukaa kwenye usukani kutwa nzima na kula chochote kilichofungwa kwenye boksi la chakula cha mchana. Nilifika kilo 131, na sasa nina kilo 88. Kosa langu lilikuwa hilo hilo la sitapu. Nilipiga 200 kila siku kwa miezi minne, nikiamini kwamba nyama uzembe za kiunoni zitayeyuka kwa kuwa ndizo zinazouma. Mzunguko wa kiuno haukupungua hata sentimita moja, na mgongo ukaanza kuniuma kiasi kwamba safari ya Serengeti ilikuwa mateso.

Aliyenifungua macho ni mwalimu mmoja wa mazoezi, ambaye alinieleza kwamba mwili hauchukui mafuta mahali unapopafanyisha kazi, bali huyachukua kote kwa mpangilio wake wenyewe, na kwa wanaume wengi tumbo la chini huwa la mwisho. Alinieleza pia jambo ambalo ningependa kila anayepungua alijue mapema: mtu anayepunguza kilo nyingi kwa kujinyima chakula peke yake hupoteza na misuli pamoja na mafuta, ndiyo maana hubaki mwembamba lakini mlegevu. Ngozi haina kitu kilichoijaza kwa ndani.

Kwa hiyo katika mvua za Aprili na Mei, watalii walipopungua, nilianza kunyanyua vyuma mara tatu kwa wiki, nikitilia mkazo miguu, mgongo na mabega, na tumbo nikilifanyia dakika kumi tu mwishoni. Zoezi lililonisaidia zaidi ni lile la kujilaza kifudifudi na kujiinua kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili ukiwa umenyooka kama ubao. Nilianza na sekunde 15. Upande wa chakula, niliongeza protini hadi gramu 110 hivi kwa siku. Si jambo la kitajiri. Yai moja lina takriban gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama gramu 15, na glasi ya maziwa gramu 8, mbali na dagaa na nyama ambayo sisi wa Arusha hatuikosi. Baada ya miezi 9 kiuno kilitoka sentimita 104 hadi 93, ilhali uzito ulishuka kwa kilo 3 tu. Ngozi kidogo imebaki chini ya kitovu, nami nimeikubali.

Mama wa watoto watatu, Kibosho

Ninaomba kuongeza jambo ambalo kina kaka hawawezi kulijua kwa miili yao. Kwa sisi tuliozaa, huenda tatizo si mafuta wala ngozi, bali misuli miwili mirefu ya mbele ya tumbo iliyoachana wakati wa ujauzito na haikurudi kukutana.

Nilipojifungua mtoto wa tatu, mama mkwe alinilisha mtori kama ilivyo desturi yetu, akanifunga tumbo kwa kanga, kile ambacho watu wa pwani hukiita mkaja. Ninamheshimu kwa malezi yale, na kwa kweli kanga ilinisaidia kusimama bila mgongo kuuma, lakini haikuunganisha misuli. Miaka minne baadaye, nikiwa nimepungua kilo 27, bado watu waliniuliza kama nina ujauzito. Kila nilipofanya sitapu, katikati ya tumbo palichomoza kitu kama mgongo wa samaki, nami nikadhani ndiyo misuli inayojengeka. Kumbe ni tumbo lililokuwa likijisukuma nje kupitia nafasi iliyo kati ya misuli hiyo.

Namna ya kujipima ni hii: lala chali, kunja magoti, inua kichwa na mabega kidogo, kisha bonyeza kwa vidole juu na chini ya kitovu. Nafasi ya vidole viwili au zaidi ni sababu ya kumwona mtaalamu wa fiziotherapia. Yangu ilikuwa vidole vitatu na nusu. Nilifundishwa kwanza kupumua: kutoa pumzi taratibu huku nikivuta kitovu kuelekea uti wa mgongo na kukaza misuli ya nyonga kama mtu anayezuia mkojo. Baadaye nikaongezewa kuteleza kisigino kimoja kimoja nikiwa nimelala chali. Yanaonekana mazoezi ya kitoto, lakini baada ya miezi mitano nafasi ilikuwa kidole kimoja na nusu, na nilipobeba ndoo kutoka mferejini sikusikia tena kiuno kikikatika. Dada wa Majengo, hujatuambia kama umezaa.

Mchangiaji wa Ngarenaro, Arusha

Mchango wangu ni mfupi. Nilipungua kilo 50, na chini ya mkunjo wa tumbo palianza kuwasha, kuwa pekundu na kutoa harufu. Niliona aibu kusema kwa karibu mwaka mzima. Ilikuwa ni fangasi ya unyevunyevu, ikatibiwa kwa krimu, na sasa ninaosha, ninakausha kabisa na kuweka kitambaa safi cha pamba. Fangasi ikirudi mara kwa mara, pimeni na sukari.

Dada wa Shanty Town, Moshi

Mimi nilifanyiwa upasuaji wa kuondoa ngozi ya tumbo iliyolegea, na nitaeleza bila kuuficha wala kuupamba. Baada ya kupungua kilo 61 nilikuwa na ngozi iliyolala juu ya mapaja. Ngozi iliyovutwa kwa miaka mingi hupoteza nyuzi zake za ndani zinazoirudisha, na hakuna krimu wala zoezi linaloweza kuzirejesha zote, hasa kwa mtu aliyepita miaka 40 au anayevuta sigara.

Daktari alikataa kunigusa hadi uzito wangu ukae pale pale kwa miezi sita, na aliniuliza kama bado ninataka kuzaa, kwa kuwa ujauzito ungeharibu kazi yote. Kovu linatoka nyonga moja hadi nyingine. Wiki ya kwanza nilitembea nimeinama, lakini nililazimishwa kutembea hivyo hivyo ili damu isigande miguuni. Maji yalijikusanya chini ya kidonda na kuvutwa kwa sindano mara mbili, na kwa wiki sita sikuruhusiwa kubeba chochote kizito, hata mtoto wa dada yangu. Chini ya kitovu bado pana ganzi. Jambo moja ninalisisitiza kwetu sisi wenye ngozi nyeusi: ikiwa ulitoga masikio na kovu likavimba, mwambie daktari kabla ya kukubali kisu. Kwa upande wangu sijuti, kwa sababu ninaweza kukimbia bila kujishika tumbo.

Mwanzisha mada, Majengo, Moshi

Mungu awabariki nyote. Mama wa Kibosho, nimezaa mara mbili, na usiku wa jana nilijipima kama ulivyoelekeza: vidole viwili juu ya kitovu, kimoja chini. Nikiishika ngozi ya tumbo la chini ni nyembamba kama ya nyuma ya kiganja, hivyo nadhani mafuta yaliyobaki pale si mengi. Sitapu nimeziacha kuanzia leo, na Alhamisi nitakwenda kumwona mtaalamu wa fiziotherapia. Kiuno ni sentimita 89. Nitapima kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi na kuandika hapa hapa.

Kaka wa Sakina, sina fedha za kulipia jimu. Je, ndoo za maji zinaweza kuchukua nafasi ya vyuma?

Kaka wa Sakina, Arusha

Zinaweza, dada. Lita 10 za maji ni kilo 10, kwa hiyo anza na madumu mawili ya lita 5, moja kila mkono, ukikaa na kusimama kwenye kigoda mara 8, upumzike, urudie mara tatu. Msikilize kwanza mtaalamu Alhamisi, na utoe pumzi unaponyanyuka, usiibane.