Makaburi ya kale Kilwa Kisiwani: wageni waingie au yazungushiwe uzio?

Mtoa hoja

Ndugu zangu wa Kusini, swali hili limebishaniwa sana barazani Kilwa Masoko, nami naona tulijadili mbele ya wote. Meli za watalii zimekuwa zikitia nanga kwetu, na kila inapofika moja, mashua huvusha wageni kwa makundi kwenda Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale. Wanaoneshwa ngome iitwayo Gereza, Msikiti Mkuu, na majumba ya kifalme ya Makutani na Husuni Kubwa. Humo humo wanapitishwa makaburini: Makaburi ya Masultani, na yale ya Msikiti wa Malindi karibu na ufuko. Baadhi ya wazee wanataka makaburi yatolewe kabisa kwenye ziara na yawekewe uzio. Vijana wanaoongoza wageni hawataki kusikia hilo.

Mimi nasema waingie. Ila waingie kwa adabu ya mtu anayezuru kaburi.

Sababu yangu kubwa iko Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu ya mji wa kale. Wanaakiolojia waliochimba pale walikuta makaburi katikati ya mji, kwenye uwanja wa wazi uliozungukwa na nyumba za mawe. Kwenye makaburi hayo waliokota sarafu na vijiwe vyeupe vilivyopelekwa pale kwa makusudi. Kwa maoni yangu hiyo ni alama ya watu waliokuwa wakiwarudia wafu wao na kuwaachia kitu. Hawakuwaficha. Mtu akitoka nyumbani kwake kwenda kuswali aliwapita. Kwa hiyo anayedai kuzuru makaburi tumeletewa na meli, awatazame tena wahenga wake.

Tena uzio peke yake haulindi kitu. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 UNESCO ikaziweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, zikatoka mwaka 2014 baada ya kazi ya kukarabati kuta na kupunguza mmomonyoko. Yaliyokuwa yanayala magofu yale ni mawimbi, mvua, mizizi na kukosa matunzo.

Ninachotaka ni utaratibu, na utungwe na watu wa Kisiwani wenyewe. Mgeni ajisitiri. Avue viatu pale watakaposema avue. Asikalie kaburi wala kuliegemea, na asimpige picha mtu anayesoma Yasini. Kabla ya kuingia asimame, asikie tunavyowasalimu watu wa makaburini na aelezwe maana yake. Sehemu ya kiingilio ibaki kijijini kwa makaburi hayo hayo: kununua chokaa, kufyeka, kumlipa mtu wa kuyaangalia. Mwenye maoni tofauti karibu, hasa wakazi wa Kisiwani.

Mkazi wa Kisiwani

Shikamooni wakubwa. Mimi nimezaliwa Kisiwani na hoja hii naikataa. Kaka, waliokuwa wakizuru Songo Mnara enzi hizo walikuwa watoto wa marehemu, wake zao, majirani zao. Huyu wa kwenye meli ana saa chache tu, kisha anaondoka na hatarudi. Nimemwona mmoja amepanda juu ya kaburi ili picha yake ipate bahari kwa nyuma. Kijana aliyekuwa anawaongoza alimwita kwa upole akashuka, lakini alishakanyaga. Bibi yangu alikuwa akienda pale na ubani kila akiwa na shida. Siku hizi wanawake wa rika lake husubiri wageni waondoke ndipo waende. Hapo mgeni ni nani?

Msomaji wa Lindi mjini

Naongeza mfano wa mbali. Paris, Ufaransa, kuna makaburi ya Père-Lachaise yaliyofunguliwa mwaka 1804. Mtunzi wa muziki Chopin yuko pale, mwandishi Oscar Wilde yuko pale, na watu wanazikwa hadi leo. Wapenzi wa Wilde walikuwa wakilibusu kaburi lake na midomo iliyopakwa rangi. Mafuta ya rangi yakazama kwenye jiwe, na kila likisafishwa likazidi kulika. Mwaka 2011 likazungushiwa kioo. Na hao walikuwa wanampenda! Lile ni jiwe la kuchonga. Yetu ni matumbawe na chokaa iliyopigwa na upepo wa chumvi kwa karne nyingi.

Mwalimu wa madrasa, Mtwara

Mtume (S.A.W.) aliwakataza watu kuzuru makaburi, kisha akawaruhusu kwa kuwa yanakumbusha akhera. Ruhusa ni kwa ajili ya hilo. Kumwomba haja aliyekufa hakumo, awe bibi wa kijijini au mtalii anayetupa sarafu. Kwangu wageni waishie msikitini.

Mtoa hoja

Mwalimu, la kuomba haja sibishani nawe. Mgeni aelezwe waliolala pale walikuwa kina nani, basi.

Ndugu wa Lindi, wenzetu wa Paris walilinda jiwe bila kufunga mlango. Sisi tuweke njia moja ya kupita, na kikundi kiwe kidogo.

La bibi ndilo zito kuliko yote. Basi wenyeji watangulie: Ijumaa, siku za Idi na siku yoyote kijiji kitakayotaja, mgeni asionekane makaburini hata kama meli imetia nanga.

Lakini kuna jambo hakuna aliyeligusa, nalo linaniuma. Kilwa Kivinje, pale Mwembekinyonga, ndipo Wajerumani walipowanyonga waliowapinga. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kivinje mwaka 1895, na miaka kumi baadaye ikaja Maji Maji na kamba zile zile. Tunabishana juu ya masultani waliojengewa makaburi ya mawe, na waliokufa wakiikataa dola ya kigeni hatuwataji hata kwenye mjadala wetu. Kama tunapanga mgeni amzuru nani, nataka aanzie Kivinje ndipo avushwe Kisiwani. Na wanafunzi wetu wa Lindi na Mtwara wapelekwe kabla ya mtalii yeyote.

Ndugu wa Kisiwani, nakuuliza wewe: siku ukizipanga wewe, na njia ukiichora wewe, bado utafunga?