Mninga au mgrivea kwa mgongo wa mandolini?

FundiMafinga: Habari wakuu, wakubwa shikamooni. Nimeshatengeneza magitaa matatu ya kwaya hapa Mafinga, sasa nimeletewa oda ya mandolini, ile ala ndogo ya nyuzi inayofanana na gitaa. Wazungu mgongo, mbavu na shingo hutumia mepo, na uso, yaani ubao wa mbele, sprusi; zote ni mbao za nchi za baridi. Mimi mepo siipati. Ninayo mninga aliyoniachia marehemu baba, imekaa darini miaka tisa, na mgrivea uliokatwa kando ya shamba la chai Tukuyu. Nimechonga kipande kimoja kimoja, vipimo sawa, nikavishika kwa ncha za vidole na kugonga. Mninga unaitika, sauti inakawia kufa. Mgrivea unajibu mara moja na kunyamaza, ila ni mwepesi na una madoa yanayong'aa, mazuri mno. Mbao za baba sitaki kuziharibu. Mnanishaurije?

Mzee wa Chunya: Marahaba kijana. Tumia mninga. Huku kwetu tunaupenda kwa sababu ukishakauka umetulia, haujikunji. Mandolini ina nyuzi nane za chuma, jozi nne, na zote zinavuta usiku na mchana. Shingo isiyotulia itapinda tu. Ukipiga msasa funika pua, vumbi la mninga linawasha na kubana kifua.

DadaNjombe: Kaka, mnabishania mgongo wakati sauti kubwa inatoka usoni! Uso usiweke mninga, ni mzito. Tafuta msindano (paini) wa msitu wa Sao Hill hapo kwenu, lakini chagua. Miti yetu inakua haraka, pete zinakuwa pana na mbao laini. Omba mti mzee, chukua sehemu ya nje karibu na gome ambako pete zimebanana, usiwe na fundo wala utomvu. Ubao wa vidole, ule wa kubania nyuzi shingoni, weka mpingo, kwa wachonga vinyago utapata makombo yanayotosha. Na usigundishe masika! Mbao inakuwa imevimba, ikija Julai na ule upepo mkavu, uso unapasuka katikati. Gitaa langu la kwanza lilipasuka hivyo, nililia.

FundiMafinga: Asante dada, hilo la masika sikulifikiria, na gundi nilishaikoroga leo asubuhi. Naiacha. Mzee, nimekubali: mgongo na shingo mninga. Mgrivea nitautengenezea kwanza mwili mmoja wa kujifunzia mikunjo ya mbavu, kisha ndipo nipande darini. Dada, huo msindano mzee uliupata upande gani wa Sao Hill?

DadaNjombe: Sikuukata mwenyewe. Niliutoa kwenye kenchi za nyumba iliyobomolewa. Ulizia wanaobomoa, mbao hizo zimekauka kuliko za kiwandani.