Kwa nini Kanuni ya Mtakatifu Klara inataka zaburi zisomwe bila kuimbwa?

Muulizaji
Tumsifu Yesu Kristo. Katika sura ya 3 ya Kanuni ya Mtakatifu Klara wa Asizi, yaani sheria ya maisha ya masista wake, iliyothibitishwa na Papa Inosenti IV tarehe 9 Agosti 1253, siku mbili tu kabla ya kifo cha Klara, masista wanaojua kusoma wanaagizwa kusali Sala ya Kanisa (zaburi na sala za vipindi vya siku) kwa desturi ya Ndugu Wadogo, yaani watawa wa kiume wa Fransisko wa Asizi, ila kwa kusoma bila kuimba. Jambo hili linanitatiza, maana Fransisko mwenyewe alipenda nyimbo. Je, ni ukali wa maisha ya ndani tu?

Jibu la kwanza
Milele amina. Kanuni haitaji sababu, lakini katika barua yake kwa Shirika lote Fransisko anawataka ndugu wanaosali vipindi wajali ulinganifu wa nia na Mungu kuliko utamu wa sauti, na kwa maoni yangu Klara aliichukua nia hiyo akaifanya sheria. Tena uimbaji wa kimonaki ulidai vitabu vya gharama na mafunzo ya muda mrefu, mambo yasiyoelewana na nyumba iliyokataa kumiliki ardhi isipokuwa ile ya kulinda faragha na ya bustani ya mahitaji yao. Wasiojua kusoma walisali Baba Yetu: 24 kwa kipindi cha usiku, 5 kwa Masifu ya Asubuhi, 12 kwa Masifu ya Jioni. Hesabu hiyo ni ile ile ya Kanuni ya ndugu ya mwaka 1223.

Jibu la pili
Naongezea kuhusu hiyo “desturi ya Ndugu Wadogo”. Ndugu walifuata sala ya Kanisa la Roma kwa sababu breviari, kitabu cha sala hiyo, ilikusanya katika kitabu kimoja mambo ambayo monasterini yalihitaji vitabu kadhaa, na mhubiri asiye na makao aliweza kusafiri nayo. Haymo wa Faversham, Mwingereza aliyeliongoza Shirika kuanzia 1240 hadi 1244, ndiye aliyezipanga upya taratibu zake. Kwa hiyo masista wa San Damiano, monasteri ya Klara, ambao hawakutoka nje, walisali kwa kitabu cha wasafiri. Nadhani hapo ndipo Ufransisko wao unapoonekana wazi kuliko katika vazi.

Jibu la tatu
Tusiuzidishe huo ukali. Sura ya 2 inaruhusu sista kutoka kwa sababu yenye faida, ya busara, iliyo wazi na inayokubalika, na Kanuni inawatambua pia masista wanaohudumu nje ya monasteri. Ni Papa Bonifasi VIII aliyewafungia ugo, yaani kuwakataza kutoka nje ya monasteri, wamonaki wote wa kike mwaka 1298, miaka 45 baada ya Klara kufariki. Leo monasteri nyingi za Waklara, masista wa shirika la Klara, huimba zaburi. Muulizaji akitaka kulinganisha, aweke sambamba sura ya 3 ya Kanuni ya Klara na sura ya 3 ya ile ya 1223, kwani zote mbili zinahusu sala na mfungo.