Natumwa nchi iliyotoka vitani, niulize nini kabla ya kusaini?

Fundi Maji:
Wakuu, salaam. Mimi ni mhandisi wa maji, mtumishi wa serikali. Nimepewa barua ya kwenda kufufua mitambo ya maji kwenye nchi ambayo mkataba wa amani umeshasainiwa lakini bunduki bado zimejaa mitaani. Sijapita jeshini.

Posho imeelezwa kurasa tatu. Usalama mstari mmoja: "mtumishi atapatiwa ulinzi stahiki." Juzi nikaletewa fomu ya kuandika maswali matatu ambayo majibu yake nayajua mimi tu, yatumike kuthibitisha kuwa ni hai endapo nitatekwa. Nikaandika la mbwa wetu wa utotoni, kalamu ikagoma hapo. Mke wangu kaiona mezani, kanyamaza mpaka leo.

Wenzangu wanasema nidai gari lisilopenya risasi na walinzi wenye silaha. Inatosha?

Mzee wa Misafara:
Mdogo wangu, hayo magari nimeyaendesha miaka sita. Vioo havishuki, mlango mzito kama wa sefu, breki unazikanyaga mapema mno, na kona ukiingia kasi linalala. Linakupa dakika chache za kuchomoka, basi.

Uliza kwanza: nani mwenye kauli ya mwisho ya kusema "leo hatutoki"? Ukiambiwa ni mkuu wa mradi, yule anayedaiwa ripoti, shtuka. Awe mtu wa usalama, na asilaumiwe kazi ikichelewa.

Halafu njia. Balozi wa Italia nchini Kongo, Luca Attanasio, aliuawa 22 Februari 2021 kaskazini mwa Goma, pamoja na mlinzi wake na dereva wa WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Barabara ile ilikuwa imeidhinishwa kupitika bila msindikizo. Kwa hiyo usiridhike na neno "imeidhinishwa". Imeidhinishwa lini, na nani?

Simba Mzee:
Maneno mengi. Adai walinzi kumi, roho haina spea.

Karani Mstaafu:
@Simba Mzee, walinzi nao wanaweza kukuletea maadui. 16 Septemba 2007 walinzi wa Blackwater, kampuni binafsi ya ulinzi iliyokuwa ikilinda wanadiplomasia wa Marekani, waliua raia 17 pale uwanja wa Nisour, Baghdad, Iraki. Baada ya hapo unadhani mkazi wa mji ule alikuwa anaona nini akiona msafara? Fundi, uliza wanaruhusiwa kufyatua wakati gani na nani anawawajibisha.

Ila sisemi mkae wazi. Umoja wa Mataifa haukutaka ofisi yake ya Hoteli ya Canal, Baghdad, ionekane kama ngome. 19 Agosti 2003 lori la mabomu likasogea hadi chini ya dirisha la Sergio Vieira de Mello, mkuu wa ujumbe wa Umoja wa Mataifa kule. Walikufa watu 22, yeye akiwemo. Vioo peke yake vilijeruhi wengi. Ukionyeshwa ofisi, tazama gari linaweza kufika karibu kiasi gani, na meza yako isitazamane na dirisha.

Nesi wa Zamu:
Mshipa mkubwa wa paja ukikatika una dakika, huna saa. Kila gari liwe na mkanda wa kukaza kuzuia damu, na ujifunze kujifunga mwenyewe kwa mkono mmoja. Uliza chumba cha upasuaji kiko umbali gani, na helikopta inaruka usiku? Mara nyingi hairuki.

Mkalimani:
Mmesahau watu. Nilikuwa mwajiriwa wa hapohapo nchini. Jioni mgeni anaingia nyuma ya ukuta, mimi narudi mtaani na kitambulisho nimekificha kwenye soksi. Hali ilipochafuka wageni waliondolewa, sisi tukaambiwa tukae nyumbani. Na sisi ndio tuliokuwa tunawaambia, "leo soko limefungwa mapema, tugeuze." Kaka, uliza kama dereva wako yumo kwenye orodha ya kuondolewa.

Fundi Maji:
Asanteni sana. Nimeyatuma yote kwa barua pepe. Wamejibu: mtu wa usalama ndiye mwenye kauli ya mwisho, helikopta ni mchana tu, mafunzo ya huduma ya kwanza ni siku tano kabla ya safari. La dereva wameliruka. Nimewaandikia tena, na kalamu bado iko mfukoni.