Keneli 6.12 inagoma kukompailika, na menyu ya GRUB haionekani

mgeni_Ntinda:
Habari wakuu. Najikompailia keneli (kiini cha mfumo wa Linux) kutoka chanzo cha kernel.org. Laptopu ina Ubuntu 24.04, RAM GB 8. Nimenakili `/boot/config-$(uname -r)` kuwa `.config` (faili ya mipangilio ya keneli), lakini `make` inakwama ikidai `debian/canonical-certs.pem`. Halafu keneli mpya ikikataa kuwaka, nitairudiaje ya zamani? Menyu ya GRUB (programu inayochagua keneli ya kuwasha) haitokei kabisa.

jinja_terminali:
Config ya Ubuntu inataja vyeti vya Canonical (kampuni ya Ubuntu), na chanzo cha kernel.org hakina. Viondoe, pamoja na data ya utatuzi inayomeza diski bure:

```
scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""
scripts/config --set-str SYSTEM_REVOCATION_KEYS ""
scripts/config -d DEBUG_INFO_DWARF5 -e DEBUG_INFO_NONE
make olddefconfig
make -j4 bindeb-pkg
sudo dpkg -i ../linux-image-6.12*.deb
```

Weka `debhelper` kabla. Umeme ukikatika katikati, rudia `make` ileile. Faili zilizokamilika hazikompailiwi tena. Na kama Secure Boot (ulinzi unaokagua saini kabla ya kuwasha) imewashwa, keneli isiyosainiwa haitawaka.

mzee_wa_moduli:
Ukitaka kupunguza saa za kusubiri, tumia `make localmodconfig`, ila tahadhari ssebo: inabakiza moduli (vipande vya keneli, kama viendeshi vya vifaa) zilizopakiwa wakati huo tu. Chomeka modemu ya USB, flashi na printa kwanza, la sivyo utawasha keneli mpya ukajikuta huna intaneti.

gulu_seva:
Kuhusu menyu, hariri `/etc/default/grub`:

```
GRUB_DEFAULT=saved
GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu
GRUB_TIMEOUT=5
```

kisha `sudo update-grub`. Usitumie namba kama `1>2`, kwa sababu keneli mpya ikiingia mpangilio unasogea. Chukua vitambulisho vinavyoanza na `gnulinux-` ndani ya `/boot/grub/grub.cfg`: cha menyu ndogo, alama ya `>`, kisha cha keneli. Ya zamani iwe ya kudumu kwa `grub-set-default`, mpya ijaribiwe mara moja tu kwa `grub-reboot`, vyote kwa `sudo`, na kitambulisho kiwe ndani ya nukuu, maana bila nukuu shell itaiona `>` kama amri ya kuandika faili.

Ongeza `panic=10` kwenye `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, urudie `update-grub`. Keneli ikianguka, mashine inajiwasha upya baada ya sekunde 10 na kurudi kwenye ya zamani. Kwa seva iliyo mbali hii si anasa.

mgeni_Ntinda:
`/boot` yangu iko kwenye LVM (mfumo wa kugawa diski). Kuna shida?

gulu_seva:
Ipo. GRUB haiwezi kuandika `grubenv` (faili ya kumbukumbu yake) kwenye LVM, kwa hiyo "mara moja" haifutiki na itang'ang'ania mpya. Hapo achana na `grub-reboot`, chagua kwa mkono kwenye menyu.