Sanduku la barua pepe limejaa: anwani za zamani zinastahili nafasi ya bure?

Mama Zawadi, Leicester. Jumatatu 6 Oktoba 2025, saa 2.10 usiku

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo.

Yamenifika. Leo nimepiga simu kwenye ofisi inayoshika faili langu. Nimengojeshwa dakika 50, mwisho naambiwa barua ya kuomba vielelezo vya nyongeza ilitumwa kwa barua pepe tarehe 25 Septemba, na nilipewa siku 21 za kujibu. Sikuona kitu. Nimepekua hadi kwenye barua taka, hamna. Kumbe sanduku limejaa pomoni na kila kinachokuja kinarudi kwa mtumaji. Zimebaki siku 10. Yule dada wa simu anasema wao wakishatuma, wameshatuma.

Msimamizi alishatukataza kutaja ofisi na kampuni tunapolalamika, kwa hiyo sitaji. Anwani yenyewe nimeifungua mwaka 2003 nikiwa Tanga, kwenye intaneti kafe. Ndiyo niliyoijazia kila fomu tangu viza ya kwanza. Nimehama nyumba mara saba nchi hii na nimebadili namba za simu, lakini anwani ni ileile. Na tangu BRP, zile kadi za ukaazi, zikome Desemba 2024 tukahamia eVisa ya mtandaoni, hiyo ndiyo iliyobaki kuwa mlango wangu.

Nauliza mawili. La kwanza, nasikia wenye anwani za zamani wanastahili kuongezewa nafasi bure. Ni kweli? Inaombwa wapi? La pili, kuna aliyewahi kuifanya ofisi itume upya barua iliyorudi? Msiniambie nifute tu. Mle ndani zimo barua za marehemu baba.

Baba Tumaini, Reading. Saa 2.45 usiku

Pole sana dada. Hilo la kwanza nalijua vizuri. Mwaka 2012 Microsoft walipopunguza nafasi ya bure ya SkyDrive, hifadhi yao ya faili mtandaoni, kutoka GB 25 hadi GB 7, sisi wa zamani tuliachiwa 25 zetu. Mimi nilibonyeza jioni ileile nilipopata taarifa. Mke wangu alikuwa zamu ya usiku hospitalini, akasema atabonyeza kesho, na kesho haikufika. Anwani ya 2003 ni ya zamani kuliko yangu. Unastahili kabisa. Waandikie, wakumbushe, usikubali kuzungushwa.

Frank, Manchester. Saa 3.05 usiku

Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo unamtuma dada mahali ambapo mlango umefungwa. Ile ya 2012 haikuhusu umri wa anwani. Walioruhusiwa kubaki na GB 25 ni waliokuwa wameshaweka faili mle kufikia tarehe 22 Aprili 2012, na wengi wao ilibidi waombe wenyewe. Mtu mwenye anwani ya 1999 ambaye hakuwahi kuweka faili hata moja hakupata. Tena ile ilikuwa nafasi ya faili. Barua zilikuwa na sanduku lake.

Likatokea la pili. Novemba 2015 wakatangaza kushusha kutoka GB 15 hadi 5 kwa kila mtu. Watu wakachachamaa, Desemba ukafunguliwa ukurasa wa kuomba kubaki na 15, mwisho 31 Januari 2016. Aliyeomba alipata, asiyeomba hakupata. Hakuna kifungu kinachosema mteja wa zamani anadai leo.

Baba Tumaini, Reading. Saa 3.20 usiku

Marahaba Frank. Nimesema nilichokiona kwa macho yangu. Na ukiwa unasahihisha watu, sahihisha kwa ukamilifu: SkyDrive siku hizi ni OneDrive, nao walibadili jina baada ya kushindwa kesi na wale wa televisheni ya Sky mahakamani hapahapa London mwaka 2013. Mambo haya tumeyaishi, hatukuyasoma.

Mama Kioko, Milton Keynes. Saa 4.00 usiku

Mama Zawadi, pole mpenzi. Kabla ya kuomba nafasi, uliza kwanza imejazwa na nini. Mimi yangu ya Gmail ilijaa mwaka jana nikadhani ni barua. Kuangalia, barua zote za miaka 15 hazikufika hata GB 3. Kilichojaza ni WhatsApp!

Zamani nakala rudufu ya WhatsApp kwenye simu za Android haikuhesabiwa. Walikubaliana hivyo na Google mwaka 2018. Kuanzia mwisho wa 2023 na kuendelea 2024 ikaanza kuhesabiwa ndani ya zile GB 15. Sasa hesabu mwenyewe magrupu uliyomo: la ukoo, la kijiji, la chama, la kamati ya harusi ya mpwa, la matanga. Kila grupu na video zake. Sisi tulio mbali ndio tunaozihifadhi zote, kwa sababu hatukuwepo.

Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya mazungumzo, halafu nakala rudufu, uzime video. Kwanza zihamishie zile unazozitaka kwenye diski ya nje. Yangu ilishuka hadi GB 6 siku hiyohiyo na barua zikaanza kuingia.

Frank, Manchester. Saa 4.12 usiku

Mama Kioko amesema la maana, ila ni kwa wenye Android na Google tu. Mwenye iPhone nakala yake inakwenda iCloud, na pale bure ni GB 5 tangu 2011, haijaongezwa hata moja. Mama Zawadi hajasema yuko wapi. Dada, nitumie kwa faragha jina la kampuni, tusipapase gizani.

Na wenye Gmail mkumbuke: hizo GB 15 ni za barua, faili na picha kwa pamoja tangu Mei 2013. Picha zilikuwa hazina kikomo, ikaisha tarehe 1 Juni 2021. Ukitaka kujua barua zipi nzito, andika kwenye kisanduku cha kutafutia larger:10M, zitajitokeza zenye viambatisho vikubwa. Na ukifuta, futa na kwenye pipa la taka. Vilivyomo pipani vinahesabiwa mpaka vitoke.

Bi Maryam, Muscat. Jumanne 7 Oktoba, saa 12.30 asubuhi

Assalaam alaykum. Nimehama London miaka mingi lakini jukwaa hili sijaliacha.

Mwanangu, Yahoo nao walitupa TB 1, yaani kama GB 1,000, mwaka 2013. Tukasema hiyo huijazi mpaka Kiyama. Mwaka huu wameshusha hadi GB 20. Ndiyo nasema, mtu asijenge juu ya nafasi ya kupewa. Mimi kila mwezi wa Ramadhani nahamisha vyangu vyote kwenye diski mbili, moja kwangu, moja kwa dada yangu Unguja.

Umesema barua za baba, ukanitia simanzi. Unguja ilipokaa kiza miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, ndugu yangu akenda hoteli moja ya Mji Mkongwe yenye jenereta, ananunua soda moja anakaa saa nzima, ananiandikia: maji hakuna, samaki anauzwa leoleo maana barafu hakuna, mama mzima anakusalimu. Barua zile ninazo. Picha za harusi sizifungui, lakini zile nazisoma.

Mzee Mbaruku, Birmingham. Saa 2.15 asubuhi

Mnasahau fungu moja la anwani za zamani ambazo kweli zilihifadhiwa. Chama chetu cha kuzikana tulifungua barua pepe kwa jina letu wenyewe, kwenye toleo la bure la Google Apps, kabla hawajalifunga kwa wapya tarehe 6 Desemba 2012. Januari 2022 wakasema wote tutalipa. Mei mwaka huohuo wakarudi nyuma, anayetumia kwa mambo binafsi abaki bure, mradi athibitishe kabla ya tarehe 27 Juni 2022. Katibu wetu alithibitisha. Kila mwanachama ana GB 15 zake.

Frank, Manchester. Saa 2.40 asubuhi

Mzee Mbaruku, kwa heshima, walisema matumizi binafsi yasiyo ya biashara. Chama chenye michango na mweka hazina ni matumizi binafsi? Ningekuwa nyinyi ningesoma tena.

Mzee Mbaruku, Birmingham. Saa 2.55 asubuhi

Tunazika watu, hatuuzi kitu. Mwaka jana tumesafirisha maiti wanne kwenda nyumbani. Kama hiyo ni biashara, basi sijui.

Mama Zawadi, Leicester. Saa 7.20 mchana

Asanteni nyote. Frank nimekuandikia. Lakini la pili hakuna aliyeligusa. Ofisi inaweza kutuma upya?

Mama Kioko, Milton Keynes. Saa 7.50 mchana

Kama ni mambo ya ILR, kibali cha kuishi huku bila kikomo, ingia kwenye akaunti yako ya eVisa ubadilishe anwani.

Dada Neema, Slough. Saa 8.05 mchana

Mama Kioko, usimchanganye mwenzio. Kubadili anwani kwenye akaunti ya eVisa ni jambo moja, na ofisa aliyeshika faili kuwa na anwani mpya ni jambo jingine. Mimi nilibadili, na barua bado zikawa zinakwenda kwenye ile ya zamani. Tena hajasema kuwa ni ILR. Inaweza kuwa chuo, inaweza kuwa nyumba. Tusome kabla ya kujibu.

Baba Tumaini, Reading. Saa 11.30 jioni

Mimi nauliza, haya yote yangetufika kama tungekuwa na uraia pacha? Mkenya tangu katiba ya 2010 anachukua pasi ya huku na ya kwao inabaki mfukoni. Faili linafungwa, anaishi. Mtanzania anaogopa kuapa uraia wa huku asipoteze wa kwao, anabaki miaka 20 akijaza fomu, na kila fomu inataka barua pepe. Badala ya uraia pacha tumeambiwa hadhi maalumu, hadhi maalumu. Mimi nilizaliwa Iringa. Hadhi ninayo tangu tumboni, ninachotaka ni uraia wangu.

Mama Kioko, Milton Keynes. Saa 11.55 jioni

Baba Tumaini, hata sisi wenye pasi mbili hatujamaliza na fomu. Kuomba pasi ya Kenya ni kupitia eCitizen, nayo inataka barua pepe vilevile. Mama yangu kijijini hana. Ninatumia yangu kwa ajili yake, ya baba na ya shangazi wawili. Ikijaa yangu, wazee wanne wamekwama.

Msimamizi. Saa 1.10 usiku

Ndugu zangu, uraia pacha una uzi wake. Hapa turudi kwa Mama Zawadi, siku zinahesabika. Frank, mmefika wapi?

Frank, Manchester. Saa 3.30 usiku

Nimezungumza naye saa nzima. Kwa kampuni aliyopo na kwa anwani yake, hakuna nafasi ya bure inayodaiwa kwa umri. Uchaguzi ni kulipia mwezi mmoja au kupunguza, na nimemshauri alipie mwezi huu ili barua zianze kuingia usiku huu huu, halafu apunguze taratibu kwa moyo mtulivu. Mtu asipekue barua za marehemu akiwa na haraka, atafuta asichokusudia.

Kwa wengine wenye Gmail: Google Takeout, huduma yao ya kupakua vyako, inakupa barua zote katika faili moja la mbox, na Thunderbird, programu ya barua ya kwenye kompyuta, italifungua hata bila intaneti. Na msiache akaunti za wazee waliotangulia zikae bila kufunguliwa. Tangu Desemba 2023 akaunti isiyoguswa miaka miwili inaweza kufutwa na vyote vilivyomo.

Mama Zawadi, Leicester. Jumatano 8 Oktoba, saa 5.40 usiku

Nimelipia. Barua zinaingia. Ile ya ofisi haimo, kwa sababu ilisharudi kwao.

Jioni hii nimekaa na Zawadi tukazitafuta za babu yake. Ziko 31. Baba hakujua kuandika kwa kompyuta. Alikuwa anateremka kutoka Muheza kila mwisho wa mwezi akishauza machungwa, anakaa pembeni ya kijana wa kafe, anasema, kijana anaandika. Na kijana alikuwa anaandika kila neno, hata yasiyonihusu. Mwaka 2006 kuna moja imeandikwa: "Mwambie mvua imenyesha. Hapana, usiandike hivyo, atadhani tumepata mafuriko. Mwambie mvua ni nzuri." Zawadi amezaliwa hapa, hakuwahi kumwona babu yake. Ameisoma kwa sauti mara tatu.

Zote 31 hazifiki hata ukubwa wa picha moja ya simu yake. Nilikuwa nafikiri ndizo zilizojaza.

Kesho ofisi wanafungua saa 3 asubuhi, nitapiga tena. Aliyewahi kufanikiwa kutumiwa upya, tafadhali, alisema neno gani mpaka wakakubali? Zimebaki siku 8.

Bi Maryam, Muscat. Alhamisi 9 Oktoba, saa 11.50 alfajiri

Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wako. Hiyo kafe ya Tanga, ni ile ya barabara ya kumi na mbili, aliyokuwa akiuza kijana mmoja mwembamba, anayekupa na kahawa? Kama ndiyo, mdogo wangu alikuwa akiandika hapo pia.